Nyumba ya Lushoto kabla ya kipupwe: anzeni na dari, na mkaa usiingie chumbani

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Makorora, Tanga mjini. Nimepata uhamisho kwenda Lushoto na mwishoni mwa Mei tunahamia kwenye nyumba ya marehemu babu wa mume wangu, juu kidogo ya mji ukielekea Magamba. Ina vyumba vitatu na sebule, ukuta wa tofali za kuchoma, imeezekwa bati, haina dari. Madirisha mengine ni ya luva, mengine ya mbao. Nina mtoto wa miezi mitano, na tunakaa na mama mkwe ambaye ana pumu. Jirani wa kule ametuambia tusihangaike, wao usiku huingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga mlango. Dada yangu aliyeko Uingereza naye anasema tukaushe mabomba ya maji yasije yakapasuka kwa baridi. Hela yetu si nyingi. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Nianze na la jirani, maana hilo halisubiri Mei. Jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba mnacholala. Lisiingie hata usiku mmoja, lisiingie kwa nusu saa ya kupasha chumba joto, lisiingie hata likiwa limefukiwa majivu. Sababu nitazieleza kwa kirefu huko chini, lakini kama utasoma aya moja tu ya jibu hili basi iwe hii, na umsomee mama mkwe na mwenzio.

Sasa nyumba yenyewe. Sisi watu wa pwani tunajenga kwa kulikimbia joto. Tunaacha matundu ya hewa juu ya madirisha, tunapenda luva, tunaacha uwazi kati ya ukuta na bati ili upepo wa bahari upite, na mlango ukiwa na nafasi ya vidole viwili kwa chini hakuna anayejali. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzijoto 6 hadi 7 hivi, kwa hiyo kabla hujahesabu upepo na ukungu umeshapoteza nyuzi kama 9 ukilinganisha na Makorora. Usiku wa Julai pale mjini joto huteremka hadi nyuzi 10 hivi, na kadiri unavyopanda kuelekea Magamba na Shume linashuka zaidi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, linashauri ndani ya nyumba msimu wa baridi pasipungue nyuzi 18, na linasema watoto, wazee na wenye maradhi ya kudumu huenda wakahitaji zaidi ya hapo. Nyumbani kwako wamo watu wa namna hiyo wawili.

Kwa nyumba hiyo ilivyo sasa, kiwango hicho hamtakifikia hata mkiwasha nini, kwa kuwa joto lote litapandia juu na kutokomea. Nyumba isiyo na dari ni sufuria isiyo na kifuniko. Hewa ikipata joto hupanda hadi kwenye bati, na bati ni chuma chembamba, halizuii kitu. Usiku ambao mbingu haina mawingu bati hutupa joto lake angani mpaka likawa baridi kuliko hewa iliyolizunguka. Hapo pumzi zenu, mvuke wa chai na unyevu wa nguo mbichi vikiligusa kwa ndani hugeuka maji, na alfajiri mnaanza kudondoshewa kitandani. Wengi hukimbilia kumwita fundi aje kuziba matundu ambayo hayapo. Tofauti yake unaweza kuiona mwenyewe: bati linalovuja hudondosha wakati wa mvua, mara nyingi mahali palepale, bati linalotoa jasho hudondosha alfajiri huku nje ni kukavu, na ukipandisha macho utaona matone yamejipanga kufuata mbao za papi kutoka ukuta hadi ukuta.

Kwa hiyo dari kwanza. Na kwa kuwa umesema hela si nyingi, usijaribu kuweka dari nyumba nzima kwa mkupuo. Chagua vyumba viwili, cha kwako na mtoto na cha mama, uvimalize sawasawa, halafu sebule na chumba cha tatu vije mwakani. Chumba kimoja kilichokamilika kina faida kuliko vinne vilivyofanywa nusunusu, kwa sababu joto halihitaji njia kubwa kutoroka. Chumba cha futi 10 kwa 12 kinahitaji plaiwudi 4 za futi 8 kwa 4, pamoja na mbao za 2 kwa 2 za kutengenezea fremu yake, zikipishana futi 2. Hesabu hiyo mpe fundi kabla hajakupa ya kwake.

Utashauriwa jipsamu. Ni nzuri, inapendeza, na mafundi wake Tanga ni hodari. Huloweka katani ya mkonge wetu kwenye jipsamu laini wakaunganishia vipande na kuning'inizia dari, kazi ya kutazama. Lakini jipsamu haisamehi maji. Bati likivuja usiku mmoja wa masika, asubuhi pana doa la rangi ya chai, mwezi ujao pamelegea. Kwa nyumba ya zamani ambayo bati lake hulijui vizuri, na kwa ukungu wa Magamba, mimi ningeweka plaiwudi au mbao nyembamba za paini zinazoingiana kingo, ambazo Lushoto hazitafutwi mbali kwa kuwa mashamba ya miti ya Shume yako hapohapo. Taka mbao kavu. Mbao mbichi ikishakauka juu ya kichwa chako inajikunja na kuacha nyufa, na kila ufa ni njia ya joto.

Dari peke yake inasaidia sana. Dari yenye kitu cha kuzuia joto juu yake inasaidia maradufu. Kilicho bora ni pamba ya kioo inayouzwa kwa marobota. Inatandikwa juu ya dari bila kukandamizwa, maana kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake, ukiishindilia umeifukuza. Anayeitandika avae glavu, barakoa na nguo ya mikono mirefu. Kama hela haifiki huko, kuna karatasi inayong'aa ya kuwekwa chini ya bati. Hiyo inapunguza jasho la bati na kurudisha sehemu ya joto. Utasikia pia habari za maranda ya randa au pumba za mpunga. Vyote viwili vinazuia joto kweli, lakini ni vitanda vya panya na ni kuni tayari juu ya vichwa vyenu, na nyumba ya babu mara nyingi nyaya zake za umeme zimepita humohumo kwenye kenchi, nyingine zimeungwa kwa mkono na selotepu. Mimi siviweki juu ya waya.

Jambo moja ambalo watu hukosea wakishafunga dari: wanaziba na ule uwazi wa juu, kati ya ukuta na bati. Usiuzibe. Pale juu ya dari panatakiwa papitiwe na hewa ili unyevu ukauke na kenchi zisioze. Weka wavu mgumu wa kuzuia popo na panya, basi. Kinachozibwa ni mpaka kati ya chumba na dari, yaani pembeni mwa ukuta pote pigwe konisi, na mlango mdogo wa kupandia darini uwe na kifuniko kinachokaa sawasawa.

Baada ya dari ni upepo. Kipupwe ni majira ya kusi, kwa hiyo upande wa nyumba unaotazama kusi na kusini mashariki ndio unaopigwa. Subiri jioni yenye upepo, funga kila kitu, weka ubani kwenye chetezo, na utembee nacho polepole kando ya kila dirisha na mlango. Moshi ukipanda wima, hapo pazima. Ukiinama au ukitetemeka, weka alama ya chaki. Zunguka chumba kizima hivyo, usisahau tundu la soketi, pembe za fremu, na pale mwimo wa mlango unapokutana na ukuta. Mara nyingi plasta ya hapo imeachana na mbao kiasi cha kupitisha sarafu. Ukimaliza utakuwa na ramani ya kazi ambayo hakuna fundi atakayekupa.

Kwenye nyufa za fremu na ukuta tumia plasta au silikoni. Dirisha la mbao lenye vioo, angalia puti. Ile ya zamani ikiwa imekauka na kubanduka, kwangua yote upake mpya. Chini ya mlango pigilia kipande cha mpira au brashi ya mlango, au ujenge kizingiti kama hakipo. Luva ndizo tatizo kubwa, kwa kuwa hata zikifungwa kabisa kila kioo kinapitisha hewa ukingoni, na mikono yake ikishalegea hazifungi tena. Kwenye vyumba vile viwili, upande wa kusi, zing'oe uweke kioo kizima chenye ubao mmoja unaofunguka. Mwaka huu hela ikigoma, tengeneza fremu nyepesi ya mbao, uivalishe nailoni ngumu inayopitisha mwanga, uipachike kwa ndani ikiacha nafasi ya sentimita 2 au 3 kutoka kwenye luva. Hiyo hewa iliyosimama katikati ndiyo blanketi ya dirisha lako, na msimu ukiisha unaibandua unaiweka uvunguni.

Mapazia yawe mazito, yafike sakafuni, na yafungwe kabla ya magharibi, wakati ukuta bado una joto la mchana.

Na kuhusu mchana, kuna jambo ambalo mtu wa pwani hulifanya kinyume bila kujua. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua halipiti utosini, linapita upande wa kaskazini. Madirisha ya kaskazini ndiyo yanayoingiza jua la bure msimu mzima wa baridi. Sisi tumezoea kupanda mti au kuweka kibaraza upande wa jua. Huko, kama kuna matawi yanayofunika madirisha ya kaskazini, yapunguzeni Mei hiyohiyo. Chumba cha mama na chako viwe vya kaskazini, au mashariki kwa ajili ya jua la asubuhi. Vya kusini vibaki kuwa stoo na cha wageni. Kupanga vyumba upya hakugharimu hata shilingi, na ni bora kuliko hita.

Unyevu nao nauwekea uzito kwa sababu ya pumu ya mama. Kuvu ile nyeusi inayoota kwenye pembe za ukuta na nyuma ya kabati ni adui wa kifua chake, na huota pale ambapo hewa yenye mvuke inakutana na ukuta wa baridi usiopitiwa na upepo. Ukishaziba nyumba, mvuke unabaki ndani: mtu mmoja aliyelala usiku kucha hutoa kikombe cha maji au zaidi kwa pumzi na jasho, na ninyi mko wanne. Ndiyo maana nasema tunaziba upepo, hatuzibi hewa. Lile tundu dogo la juu la kila chumba cha kulala liachwe wazi, likiwa na wavu. Kila siku jua likishachangamka, saa tano au saa sita hivi, fungueni madirisha yote ya pande mbili kwa dakika kumi kisha mfunge. Hewa inabadilika, ukuta haupati muda wa kupoa. Nguo za mtoto zisikaushwe chumbani. Kabati na kitanda viache nafasi ya shibiri moja kutoka ukuta wa nje. Kuvu mtakayoikuta, ioshwe kwa maji yenye dawa ya klorini na ikaushwe kabisa kabla ya kupaka rangi. Ukipaka juu yake itatokeza tena kabla ya Agosti.

Unyevu mwingine unatoka ardhini. Nyumba nyingi za milimani zimekaa juu ya kitako kilichochongwa mlimani, kwa hiyo ukuta wa nyuma unapokea maji ya mteremko wote. Nendeni sasa, Aprili hii, wakati masika bado yananyesha, msisubiri Mei. Mvua itawaonyesha kila kitu: maji yanapotuama, gata inapomwagia ukuta, bati linapovuja. Kama udongo umerundikana kwenye ukuta wa nyuma, uondolewe mpaka ardhi ya nje iwe chini ya sakafu kwa walau sentimita 15, na uchimbwe mfereji upande wa mlimani, ukae mbali kidogo na msingi, upeleke maji pembeni. Plasta ya chini ikiwa inapukutika na ina unga mweupe, hiyo ni chumvi iliyopandishwa na maji. Msikimbilie kuifunika kwa rangi ya mafuta, ambayo inafungia maji ndani ya tofali. Paka chokaa, ambayo inaacha ukuta upumue, na ukuta utaendelea kukauka miezi yote ya kiangazi.

Sasa mkaa.

Mkaa uliokolea, mwekundu, hauna ndimi za moto, hautoi moshi, hauchomi macho. Chumba kinapendeza. Ndipo watu wanapopotea. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksaidi, na gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikiingia mapafuni inakishika kile kitu kwenye damu kinachobeba oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya vile oksijeni yenyewe inavyokishika. Damu inazunguka, moyo unadunda, lakini mwili unakosa hewa. Aliye macho huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, halafu miguu inakosa nguvu, na akitambua kuna jambo anaweza asifike mlangoni. Aliyelala haamki. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mkubwa, kwa hiyo yeye hudhurika mapema, na hawezi kusema kichwa kinamuuma.

Jirani yenu simlaumu, anawatakia mema na anasema alichokiona kwao. Lakini fikiri nyumba za zamani za Wasambaa zilivyokuwa: miti na udongo, nyasi juu, moshi unatoka kila upande. Moto ulikaa ndani kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inapumua, na hata hivyo macho na vifua vya kina bibi viliumia. Leo jiko ni lilelile, mkaa ni uleule, ila nyumba ni nyingine. Ina plasta, ina dari, ina madirisha ya alumini yenye mpira. Gesi haina pa kutokea. Na kila nilichokuambia humu, kuanzia dari mpaka brashi ya mlango, kinaifanya nyumba yenu izibe zaidi, kwa hiyo kinalifanya jiko hilo kuwa la hatari zaidi kuliko lilivyo kwa jirani. Siwezi kukufundisha kuziba nisikuambie hili.

Utaambiwa pia kwamba dawa ni kuliwasha nje mpaka moshi uishe ndipo liingizwe. Moshi ukiisha, kilichoisha ni onyo. Gesi inaendelea kutoka mpaka kaa la mwisho lizime. Utaambiwa ulifunike majivu: majivu yanapunguza hewa, na mkaa uliopungukiwa hewa ndio unaotoa gesi hiyo zaidi. Utaambiwa uache dirisha wazi kidogo, na hakuna mtu anayeweza kukuambia kidogo ni kiasi gani, kwa mkaa kiasi gani, usiku upepo ukitulia. Jiko la gesi, jiko la mafuta ya taa na jenereta navyo viko kwenye hukumu hiyohiyo: visitumike kama hita ya chumba cha kulala.

Kama watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, msidhani ni mafua. Na ikitokea mmekuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungueni mlango, mtoeni nje haraka, msikae ndani kumpepea, kisha hospitali moja kwa moja hata kama amezinduka, kwa sababu anahitaji kupewa oksijeni na kuangaliwa. Kuna kifaa kidogo cha betri kinachopiga kelele gesi hiyo ikizidi. Kikipatikana, nunua kimoja ukiweke chumba unacholala na mtoto. Bado hakiruhusu jiko kuingia.

Mnaotaka moto wa kuni, moto una mlango wake, nao ni dohani. Kule Lushoto ziko nyumba za enzi za Mjerumani, mji ulipokuwa ukiitwa Wilhelmstal, na za Mwingereza baada yake, zenye meko ya ukutani na dohani iliyopanda juu ya paa. Siku moja zitazame, uone urefu wake. Tundu la moshi linatakiwa liwe kama sehemu ya kumi ya mdomo wa meko, kwa hiyo meko ya sentimita 60 kwa 60 inataka njia ya moshi ya karibu 20 kwa 20, na kilele cha dohani kipite mgongo wa paa kwa walau sentimita 60, la sivyo upepo wa kusi utaurudisha moshi sebuleni. Ijengwe sebuleni, si chumbani, na kila mwaka ifagiliwe masizi kabla ya Juni. Kuni ziwe za mwaka jana. Mti mbichi, hasa mkaratusi, unatoa moshi mzito unaoacha lami ndani ya dohani, na lami hiyo siku moja hushika moto. Kwa mwaka wenu wa kwanza, pamoja na pumu ya mama, sikushauri mjenge. Hela hiyo iende kwenye dari.

Hita ya umeme ni salama zaidi, mradi mjue inavyokula. Ya wati 2,000 inatumia uniti 2 kila saa. Iwasheni kwa muda wa saa nne kila usiku, mwezi umekula uniti 240, na mteja wa TANESCO wa kundi la matumizi madogo hatakiwi kuvuka 75 kwa mwezi. Ndiyo maana hita inakuja mwisho: chumba kilichozibwa vizuri kinahitaji saa moja kabla ya kulala, kisichozibwa hakitoshi usiku kucha. Nunueni ile ya mafuta ya ndani, isiyo na waya mwekundu ulio wazi. Ichomekwe kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, kamwe si kwenye ekstensheni, na ikae mita moja kutoka kwenye pazia, neti na kitanda. Kabla ya yote fundi umeme aliyesajiliwa azikague zile nyaya za babu.

Kitandani, godoro likae juu ya chaga, lisilale kwenye saruji. Sakafu tandikeni mikeka miwili miwili, wa ukindu juu, au zulia. Shuka mbili na blanketi mbili nyepesi zinashika joto kuliko moja nzito. Mpira wa maji ya moto ni mzuri kwa mama: auweke kitandani nusu saa kabla, ukiwa umefungwa kitambaa. Kwa mtoto utumie kupasha tu mahali pake, kisha uutoe kabla hujamlaza. Avae nguo za tabaka badala ya kufunikwa blanketi nzito inayoweza kumpanda usoni, na ukimshika shingoni ukakuta jasho, mpunguzie moja.

La dada yako limebaki. Kule aliko yuko sahihi. Maji yakifika nyuzi 0 huganda, na yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Bomba lililojaa halina pa kuyapeleka, linapasuka, na barafu ikiyeyuka nyumba inafurika. Kwenye nyumba yenu hapo juu ya mji baridi haifikii kugandisha maji ndani ya bomba, kwa hiyo acheni maji yakae kwenye mabomba. Shida yenu itakuwa maji yenyewe kuwa ya baridi kali asubuhi. Mtoto aogeshwe saa saba au saa nane mchana, chumba cha kaskazini, maji yakiwa yamechemshwa jikoni na kuchanganywa, na luva za bafuni zifungwe robo saa kabla. Mkipata nafasi baadaye ya kununua hita ya maji ya jua, kioo chake kitazame kaskazini, na lile bomba linaloteremsha maji ya moto livikwe sponji ya mabomba mpaka linapoingia ndani.